Kuwazuru Wagonjwa wa Baharini: Safari Yetu ya Watamu



Kuzuru mgonjwa ni jambo tulilolelewa nalo. Hakuna nyumba ya pwani ambayo mama hajapata kutia chai kwenye chupa, akafunga mahamri kwenye kitambaa, akaenda kumwangalia jirani aliyelazwa. Likizo ya Agosti iliyopita tulifunga safari ya kuwazuru wagonjwa wa namna nyingine. Tulikuwa akina mama 9 na watoto 14, tukakodi basi dogo kutoka Mombasa hadi Watamu, Kaunti ya Kilifi, mahali ambapo kasa waliojeruhiwa hutibiwa hadi wapone, kisha wakarudishwa baharini.

Tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri. Tukaivuka Mtwapa kukiwa bado na ubaridi, tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, na tulipofika daraja la Kilifi watoto wote wakahamia upande mmoja wa basi ili waone maji yalivyolala chini. Mbele ya Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke ulitushika mkono wa kushoto kwa mwendo mrefu, kijani kisicho nyumba wala shamba. Penye njia panda ya Gede tukakata kulia kuelekea baharini.

Hatukutaka kuipita Gede hivi hivi. Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuachwa na watu wake katika karne ya 17. Msikiti wa Ijumaa ungali na kibla chake, na kando yake pana kisima na birika ambamo waumini walitawadha. Watoto waliinama kuchungulia kisima, wakauliza waliohama walikwenda wapi. Tuliwaambia kwamba miji nayo ina ajali yake kama watu, na kwamba lililobaki kwetu ni kuwaombea waliotangulia.

Kutoka Gede hadi Watamu ni mwendo wa dakika chache. Mji huu umekaa baina ya maji mawili. Mbele yake ni bahari kuu yenye matumbawe, iliyotengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1968. Nyuma yake ni Hori ya Mida, iliyozungukwa na mikoko, ambamo maji huingia na kutoka kwa kupwa na kujaa. Ndani ya hori hiyo mna nyasi za bahari, na kasa wachanga hukaa humo miaka mingi wakila na kukua, kama watoto walioachwa kwa bibi yao mpaka wapate nguvu za kwenda mbali. Basi si ajabu kwamba hospitali yao ikawa hapa.

Kituo chenyewe ni cha shirika la Local Ocean Conservation, ambalo kazi yake ilianza mwaka 1997 kwa watu wachache waliolinda viota vya kasa ufukweni. Baadaye wakaanza kushirikiana na wavuvi, na kutokana na kasa waliokuwa wakiletwa na majeraha, ndipo pakajengwa matangi ya tiba. Kijana mwenyeji aliyetupokea alitutolea sharti moja kabla ya kuingia: tusipige kelele wala tusiwaguse. Mtoto mmoja aliyekuja na shauku ya kumshika kasa alinuna, naye kijana akachuchumaa akamweleza, "Huyu si wa kufugwa, kaka yangu. Akituzoea sisi, kesho atamwendea kila mtu mwenye mashua, na si kila mtu mwenye mashua anamtakia heri."

Neno hilo ndilo lililotufungulia kazi yote ya mahali pale. Kila tangi lina maji ya bahari na mgonjwa wake, na kila mgonjwa yuko pale kwa muda, awe wa wiki chache, miezi, au hata zaidi ya mwaka. Hakuna anayewekwa ili watu waje kumtazama. Anayepona huondoka, na wauguzi wake hufurahi kumkosa.

Mgonjwa wa kwanza tuliyeonyeshwa alikuwa akielea. Watoto walidhani anacheza. Sehemu ya nyuma ya gamba lake ilikuwa imenyanyuka juu ya maji, na kila alipojaribu kupiga mbizi, mapezi yake yalipapatika, kisha akarudishwa juu kama boya. Tulielezwa kuwa hewa imejikusanya ndani ya mwili wake kwa sababu matumbo yameziba, na mara nyingi kinachoziba ni plastiki. Mfuko uliolowa, ukielea baharini, unafanana na yavuyavu, na yavuyavu ni chakula cha kasa. Asiyeweza kuzama hawezi kufikia nyasi zilizo chini, wala hawezi kujificha mashua inapopita. Hufa kwa njaa akiwa juu ya chakula chake, au hupasuliwa gamba na rafadha.

Tiba yake ni ya subira. Kwanza hutazamwa kama amekaukiwa na maji mwilini, maana kasa ingawa anaishi baharini naye hukaukiwa akikosa kula. Hutiwa maji ya dawa kwa sindano. Viumbe vidogo vigandavyo kwenye gamba, kama vile vigandavyo chini ya mtumbwi uliokaa sana, hulegezwa kwa kumweka kwenye maji yasiyo chumvi. Hupewa mafuta ya kulainisha tumbo, na chakula chepesi kama ngisi mpaka hamu irudi. Kisha hungojewa. Siku atakapotoa uchafu ulioziba, akashuka mpaka sakafu ya tangi na kulala huko, wauguzi hujua kwamba mlango umefunguka.

Katika tangi la pili alikuwamo ng'amba mdogo mwenye pezi moja la mbele. La pili lilikatwa na uzi wa mshipi uliomzinga mpaka nyama ikaoza. Aliogelea kwa kuinamia upande mmoja, lakini aliogelea, na tukaambiwa kuwa kasa aliyepoteza pezi moja aweza kujifunza upya na kurudi baharini. Wa tatu alikuwa na vivimbe shingoni na pembeni mwa jicho, maradhi yanayowapata sana kasa wa kijani. Daktari wa wanyama huviondoa kwa upasuaji, lakini vyaweza kurudi. Hatukufichwa kwamba si wote waponao. Wako wanaoletwa wakiwa wamechelewa, wakafa usiku ule ule.

Hapo ndipo alipozungumza mkubwa wetu, mama wa makamo aliyezaliwa Faza, binti wa mvuvi na mjane wa mvuvi. Alikuwa kimya tangu tulipoingia.

"Mwanangu," alimwambia yule kijana, "huyu kasa ana daktari, ana dawa na ana chakula. Je, yule aliyemvua, watoto wake wamekula nini leo?"

Tuliona haya kidogo kwa niaba ya mwenyeji wetu, lakini yeye hakukasirika. "Hilo ndilo swali, mama," alijibu. Akatueleza kwamba wagonjwa wengi hawaletwi na wenye kituo, huletwa na wavuvi. Kasa hupumua hewa kama sisi, na akinaswa ndani ya wavu bila ya kuweza kupanda juu, huzama akafa. Mvuvi anayemkuta angali hai hupiga simu, wahudumu wakaja, wakampima na kumtia kibandiko chenye nambari kwenye pezi. Mzima huachiliwa siku hiyo hiyo, na mgonjwa hupelekwa kituoni. Kwa njia hii kasa maelfu kwa maelfu wamekwisha kurudishwa baharini. Mvuvi hupewa kiasi kidogo cha fedha cha kufidia simu na muda wake. Hakikaribii thamani ya nyama, na kimefanywa kidogo kwa makusudi, kwani kingekuwa kikubwa, pangezuka wenye kumtega kasa ili walipwe kwa kumwachilia.

Mama wa Faza alitikisa kichwa taratibu. "Basi sadaka ni ya mvuvi," alisema. "Sisi tumelipa kiingilio tu."

Tulipoketi kivulini kula viazi vya karai na mbaazi tulizochukua nyumbani, alitusimulia aliyoyaona utotoni. Huko kwao visiwani, wazee walimvua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani agandamaye kwa papa na kasa. Chazo alifungwa kamba mkiani, akachukuliwa kwenye mtumbwi, na kasa alipoonekana akaachiwa. Chazo alikwenda kujigandisha kwenye gamba, na mvuvi akavuta kamba pole pole mpaka windo likafika ubavuni. Nyama iligawiwa mtaa mzima, mafuta yakawekwa kwa ajili ya kikohozi cha watoto, na gamba la ng'amba likauzwa kwa wafanyao vitana na vikasha. Biashara hiyo ni kongwe kuliko miji yetu. Kitabu kimoja cha mabaharia wa Kiyunani, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza Miladia, kinataja magamba ya kasa kuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani hii ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu babu wa mtu. Bahari ilikuwa na kasa tele, nyavu zilikuwa chache, na aliyevua alivua cha kulisha nyumba yake. Leo mambo yamegeuka. Kasa jike huchukua miongo kadhaa kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Hupanda ufukweni usiku, akachimba, akataga mayai yapatayo 100 au zaidi, akayafukia na kurudi zake. Baada ya miezi miwili hivi makinda hutoka, na inakisiwa kwamba katika makinda 1,000 huenda akafika utu uzima mmoja tu. Kumchinja jike mmoja mkubwa ni kuondoa kilichobaki baada ya hesabu hiyo yote. Ndiyo maana sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda, na anayemuua, kumuuza au kukutwa na kiungo chake huingia hatiani.

Lakini sheria haikai jikoni. Jikoni tunakaa sisi. Na hapa tunaomba kila mama asome kwa utulivu. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa hospitali. Nyama ile haikuwa imeoza. Baadhi ya kasa hubeba sumu mwilini, ambayo inadhaniwa hutokana na mimea midogo ya baharini waliyoila. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kutiwa ndimu. Haina dawa ya kuivunja, na haionekani kwa macho wala kunusika. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na madaktari wamepata kuandika habari za watoto wachanga waliodhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo. Bahati ya nyama ya jana si dhamana ya nyama ya leo, maana kasa yule aliyeliwa mwaka jana siye huyu.

Upande wa dini, kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni kwamba nyama ya kasa si halali kuliwa. Mwenye kutaka ufafanuzi na amwendee shekhe wake. Na kuhusu huruma, sote tulifunzwa chuoni habari ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha. Watoto wetu walizikumbuka wenyewe, wakabishana kama kasa naye amo. Mkubwa wao, msichana wa miaka 12, akawakata: "Kwani kasa hana roho?"

Baada ya Swala ya Adhuhuri tulipata jambo ambalo hatukulitarajia. Simu ililia kituoni, na punde gari likarudi na kasa wa kijani wa ukubwa wa sinia, aliyenaswa kwenye jarife upande wa horini. Mvuvi aliyempata alikuja naye, suruali ikiwa ingali na maji. Wahudumu walimpima urefu wa gamba, wakamkagua macho, mdomo na mapezi, wakamtia kibandiko. Hakuwa na jeraha. Tukaruhusiwa kufuatana nao hadi ufukweni.

Njiani mama wa Faza alimsogelea mvuvi. Walisalimiana, wakaulizana hali ya bahari kama watu wa kazi moja, kisha akamwuliza kama wavu wake umesalimika.

"Umepasuka, mama," alisema. "Ilinibidi nikate ili atoke. Nitaushona usiku."

"Na kwa nini hukumpeleka nyumbani?"

Mvuvi alicheka kidogo. "Zamani tulikuwa tukila. Sasa watoto wangu wamefundishwa habari za kasa shuleni. Nikiingia naye uani, wao ndio watakaonisimamisha mlangoni."

Kasa aliwekwa kwenye mchanga uliolowa, kichwa kikiwa kimeelekea maji. Alikaa pale muda ambao watoto waliuona mrefu, akainua shingo na kuvuta pumzi, tukaisikia. Wimbi la kwanza lilimlowesha, la pili likamnyanyua, na la tatu lilipoondoka lilikwenda naye. Kwa kitambo tuliona kivuli chake katika maji ya kina kifupi, kisha hatukukiona tena. Hapakuwa na makofi. Mama wa Faza aliufungua mkoba wake, akamtilia mvuvi noti mkononi, akaukunja mkono wake juu ya noti ile, na kumwambia, "Ya uzi wa kushonea." Mvuvi alitaka kukataa. Hakupewa nafasi.

Yule aliyekuwa akielea tulimwacha angali anaelea. Tuliuliza kama atapona, wakatuambia, "Inshallah, tunangoja." Mama mmoja alitaka kujua gharama za miezi yote hiyo ya kungoja mnyama mmoja, na swali lake si la kupuuzwa, kwa kuwa wengi wetu tunawajua watu waliokosa fedha za dawa. Mazungumzo hayo yalitushika garini hadi tukafika Kilifi. Wako waliosema binadamu kwanza. Wako waliosema mvuvi asiye na bahari yenye uhai atakuwa mgonjwa wa kesho, kwa hiyo mambo haya mawili hayatengani. Mama wa Faza alisema yeye ameona kitu kimoja: kasa yule wa jarife hakutibiwa na daktari yeyote. Alipona kwa sababu mtu mmoja alikubali kukata wavu wake, na kwa sababu nyumbani kwa mtu huyo hapakuwa na aliyemngoja kwa sufuria. Hospitali, alisema, ni ya wale ambao sisi huku hatukuwawahi.

Tangu siku hiyo, baadhi yetu tumekubaliana mambo machache katika nyumba zetu, nasi twayaweka mbele yenu. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini vifuniko, chupa na vifungashio vya peremende vingali vikifuata mitaro hadi baharini. Basi takataka za karamu za ufukweni, hasa siku za Idi, turudi nazo. Mafuta ya kasa tusiyanunue hata tukiambiwa ni dawa ya kifua. Bangili na vitana vya ng'amba tusivitake, na wanaoletewa zawadi ya namna hiyo waeleze kwa upole kwa nini hawaipokei.

Na ukimkuta kasa ufukweni amelegea au amejeruhiwa, usimsukume baharini, maana aliyechoka huzama. Usimgeuze chali wala usimvute kwa mapezi. Mweke kivulini, mfunike gamba kwa kitambaa kilicholowa bila ya kuziba pua, watenge watoto na mbwa, kisha uwaarifu maafisa wa wanyamapori au kituo cha uokozi kilicho karibu. Ukimkuta jike anataga usiku, zima tochi, kaa mbali, umwache amalize.

Mwenye kutaka kuizuru Watamu na familia yake atafika kwa matatu za Malindi, akashuka Gede na kupanda tuktuk. Achukue chakula chake na maji, na awape watoto kalamu na daftari, kwa kuwa watauliza mengi. Na akikutana na mvuvi njiani, amsalimie kwanza.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awapanulie riziki wavuvi wetu, na awarejeshe salama kila waendao baharini. Amin.